Ndoo Kumi na Saba

Mwaka nilioanza kazi ni ule tulioachana na ugali wa unga wa njano. Sukari ilirudi dukani, mkate ukanunuliwa bila foleni, na nyumbani kwetu mlimani tulipika wali siku isiyo Krismasi wala Pasaka. Nilikuwa na darasa la nne na mgongo wenye nguvu. Siku ya kwanza nilifika ofisini Moshi mjini nimevaa kitenge kipya, nimejipaka mafuta hadi nang'aa. Bwana Afisa, mkuu wetu wa kupima udongo na maji, alinitazama mikono.

"Mama Aloyce, umejipaka nini?"

"Mafuta ya mgando, mzee."

"Kanawe. Hapa tunatafuta uchafu wa ardhini, hatutaki mafuta yako yaingie kwenye chupa."

Nilinawa mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu, na nyie wajukuu mnaosomea kazi hii vyuoni msidhani ilikuwa shule ndogo.

Palipokuwa na ghala la zamani la dawa za mibuni, mapipa yametobolewa na kutu, tulikwenda kuona sumu imefika wapi. Udongo tuliutoa kwa kekee ndefu ya chuma, unaizungusha kwa mikono miwili kama unasonga ugali mgumu. Tulianza mahali pasafi, tukamalizia penye uchafu, ili chuma kisibebe sumu kuipeleka pasipokuwa nayo. Kila baada ya shimo, kekee inaoshwa. Udongo wa juu mfuko wake, wa chini mfuko wake. Tuliandika kwa penseli, maana wino ukilowa unakimbia. Chupa za maji ziliwekwa kwenye kasha la barafu, na kutoka hapo ni maabara moja kwa moja, hakuna kupitia sokoni. Kekee ile niliibeba kuanzia Rau mpaka Sanya Juu, na wanaume waliomba kupumzika kabla yangu. Najisifu, ndiyo. Najisifu kwa hayo kwa sababu yanayofuata hayana sifa.

Maji ndiyo yenye hila. Kisima kikikaa bila kuchotwa, maji yake yamelala. Harufu imepeperuka, na sumu nyingine imeondoka nayo. Ukichota hayo umepima uongo. Lazima umwage kwanza, ndoo baada ya ndoo, mpaka yaje mapya kutoka ardhini. Bwana Afisa alipima upana wa kisima na kina chake, akapiga hesabu, kisha akataja ndoo ngapi. Na yale ya kumwaga humpi mtu, hata awe na kiu namna gani.

Kijiji kimoja cha tambarare, jina naliacha, walichimba kisima si mbali na ghala kama hilo. Kilifunikwa wiki nyingi kikisubiri vipimo vyetu. Mvua ilikuwa imekataa. Bwana Afisa akasema, "Ndoo ishirini, Mama Aloyce, ndipo ujaze chupa," akaenda ghalani na kekee. Nikabaki na wanawake wenye ndoo kavu.

Nikamwaga ya kwanza. Wakaguna. Nikamwaga ya pili. Ya tatu ilipogusa ardhi, akasimama Mama Anjela, mjane wa rika langu, mwenye shamba lililochimbwa kisima.

"We mama, ulizaliwa mtoni? Unanywesha panya na sisi tunakutazama?"

"Ni utaratibu, dada."

"Utaratibu! Hebu uweke kwenye sufuria tuone kama utaiva!"

Wakacheka wote. Mimi mtoto wa mlimani, ambaye kwetu mfereji unapita katikati ya migomba, nikaona haya kumwaga maji mbele ya wenye kiu. Nikajaza chupa palepale.

Bwana Afisa akarudi, penseli mkononi. "Zimetimia ishirini?"

"Zimetimia, mzee."

Akaandika. Akasaini.

Majibu yakaja: maji ni salama. Nikatumwa mimi kwenda kufungua kisima. Mama Anjela alichota ya kwanza kwa kata, akaniletea kwa mikono miwili.

"Nilikutukana siku ile, nisamehe. Sasa onja. Pombe ya mbege, anayeileta ndiye anaonja kwanza, na maji haya mmetuletea ninyi."

Kila aliyelelewa Uchagani anajua maana yake: ukionja kwanza, unamwambia mwenzako hakuna sumu humu. Nikaitazama ile kata.

"Nashukuru, lakini mimi maji ya kazini sinywi."

Wakadhani ni sheria ya ofisi. Mama Anjela akaonja badala yangu, kisha akawapa watoto.

Walikunywa kisima kile masika mbili. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilijiambia, Jumatatu nitasema. Harufu ilianza kidogo kidogo, hatimaye watu wakalalamika, na Bwana Afisa akaenda nami kurudia kipimo, akamwaga ndoo mwenyewe. Hakufika hata ya kumi. Maji yalinuka kama bomba la kunyunyizia mibuni. Akaacha kumwaga, akanitazama. Kisha akajaza chupa kwa mkono wake.

Kifuniko kikapigiliwa misumari. Ofisini Mhandisi Mkuu alifoka mpaka tulisikia nje. Bwana Afisa akamjibu, "Sahihi ni yangu, kosa ni langu." Wakamshusha cheo. Mimi nilisimama mlangoni nimekumbatia kasha la barafu, nimefunga mdomo. Nani aliugua nini kwa maji yale hakuna daktari aliyeniambia, nami sizui. Lakini watoto niliwaona wakinywa.

Wajukuu, mwageni. Watawatukana, watawacheka. Mwageni zote.

Siku ya kustaafu nilipewa blanketi, nikaitwa mwaminifu mbele ya watu. Wiki ileile nilikwenda kwa Mama Anjela, nikamweleza yote, ndoo tatu nilizomwaga na kumi na saba nilizozisema tu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema, "siku walipopigilia misumari. Nikakumbuka hukuonja."

Akainuka, akaenda kwenye bomba jipya uani, maji yanayoshuka kutoka mlimani kwetu. Akajaza kata. Akaonja yeye kwanza, taratibu, mbele ya macho yangu, kisha akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Yamepimwa. Kunywa, mwenzangu."

Koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la njiani. Nikaitazama ile kata, nikawaona wale watoto wakinywa.

"Nashukuru, lakini mimi maji ya kazini sinywi."