Vugo la Mama na Kidude cha Jibii Thelathini na Mbili

Sisi tulioanza kusikiliza muziki wakati muziki bado una uzito, tunajuana kwa macho tu. Wimbo ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Ulikuwa na utepe wa rangi ya kahawa, ulitafunwa na mashine, ukakatika, ukaungwa kwa rangi ya kucha, ukarudishwa nyuma kwa kalamu ya biki ili kuokoa mawe ya redio. Na mawe yenyewe yakichoka tuliyaanika juani pamoja na muhogo. Yakipata joto yalikuimbia nusu wimbo mwingine. Utepe uliochomoka katika kaseti moja ya shangazi yangu ulitosha kwenda kutoka Malindi hadi Mombasa na kurudi, na kipande kilichobaki tukafungia kuku.

Nayasema haya kwa sababu mwezi uliopita nilinunua MP3 mpya. Ile ya zamani ilikuwa ndogo kama tende, na nilikaa nayo mpaka vibonyezo vikasahau kazi zao. Ilibeba nyimbo sitini, ukizibana sana sitini na mbili. Kisha nikaingia shule ya usiku, mtu mzima na watoto wangu watatu, nikawa narekodi masomo humo humo ili niyasikilize mchana nikishona. Kila somo lililoingia, taarabu moja ilitoka. Nilikuwa nakaa na kile kidude kama kadhi, nikitazama nyimbo zangu mmoja mmoja na kuamua upi uachwe leo. Siku moja nilikipeleka kwenye harusi kule Ganda kuwachangamsha wapishi. Wako katikati ya kukaanga vitunguu, taarabu ikakatika, na mwalimu wangu wa baiolojia akaanza: "Mmea hujitengenezea chakula chake wenyewe kwa kutumia mwanga wa jua." Wapishi themanini walisimama na miko hewani. Mmoja akasema, "Basi na uje huo mmea utusaidie pilau."

Cheti nilikipata, alhamdulillahi, na zawadi niliyojipa ni kidude kipya cha jibii thelathini na mbili. Muuzaji alisema kinabeba nyimbo elfu saba. Mimi nikihadithia husema elfu kumi na mbili, maana elfu saba ni hesabu ya mtu asiyejua kuhadithia.

Kosa langu lilikuwa kwenda kujigamba nacho kwa Mama.

Wazee wangu bado wanaishi katika nyumba ile ile ya Shela, hapa Malindi, nilimozaliwa. Kwa miaka mingi Mama alikuwa na ombi moja tu kwangu: nimtilie kwenye kidude changu kaseti yake ya vugo. Wale wasiojua, vugo ni nyimbo za wanawake harusini kwetu, pembe zikigongwa kwa vijiti, na maneno yakirushwa kumchokoza bwana harusi na ukoo wake mzima. La Mama lilirekodiwa siku alipoolewa, likaja naye Malindi kutoka visiwani, likakaa katika kasha pamoja na dhahabu. Na mimi kila alipoliomba nilimjibu jibu moja: "Mama, hakina nafasi." Baba naye, kila alipolisikia ombi lile, alinitetea haraka: "Mwache mtoto, Mama Mwanaisha. Kaseti za zamani zimeshaoza hizo."

Sasa nimesimama mbele ya Mama, najitapa nyimbo elfu kumi na mbili. Akaniangalia, akakiangalia kidude, akainuka taratibu mpaka chumbani, akarudi na kaseti imefungwa katika leso.

"Nafasi sasa ipo," akasema.

Nikaipokea kwa ncha za vidole kama kaa la moto. Kwa sababu vugo lile nililifuta mimi, nikiwa darasa la tano.

Niwaeleze ilivyokuwa. Wakati ule Baba alikuwa akinunua nazi Ganda na kuziuza kwa jumla mjini, na starehe yake kubwa duniani ilikuwa kadi za salamu. Mnakumbuka kadi za salamu? Unajaza majina ya watu unaowasalimu, unaituma redioni, halafu unangoja miezi, mpaka wengine uliowaandika wameshahama, wameshaoa na wameshakukosea. Siku mtangazaji akiitaja kadi yako mtaa mzima unajua, na wewe unatembea wiki nzima kama umechaguliwa mbunge.

Wiki hiyo nyumbani hapakuwa na amani. Mbuzi ya Mama ya kukunia nazi ilikuwa imepatikana imevunjika jino. Mbuzi ile ilikuwa ya mama yake, na ilikuna nazi laini kama unga. Mama alisema Baba ndiye aliyeiharibu. Baba akaapa mbuzi ilikuwa na ufa tangu zamani, na kwamba yeye, mfanyabiashara wa nazi, angebaki na heshima gani akivunja mbuzi? Wakanuniana siku tatu. Mimi ndiye niliyekuwa simu yao.

"Mwanaisha, mwambie babako chai iko mezani."

"Mwanaisha, mwambie mamako nimeiona."

"Mwambie akiimwaga atafute mwengine wa kumpikia."

Na wamekaa chumba kimoja, hatua mbili baina yao! Nilikonda kwa kubeba maneno, kanga ikawa inanizunguka mara nne.

Siku ya nne, saa ya mchana, nimetoka chuoni kusoma Kurani, nyumba inanukia mbaazi za nazi, nikasikia redioni mtangazaji akisema kadi inayofuata inatoka Shela, Malindi. Wenzangu walikuwa nje wanacheza mdako, mimi nikaikimbilia redio. Nilijua ni ya Baba. Nikataka kuinasa isipotee. Tepurekoda ipo, kaseti hamna. Kulikuwa na mbili tu nyumbani: kasida za Baba, ambazo ukizigusa unakwenda motoni moja kwa moja bila kupita kaburini, na vugo la Mama.

Mnajua kaseti ikivunjwa kile kijiti cha pembeni hairekodi tena. Ndiyo ilikuwa kufuli yetu. Na mnajua pia jinsi tulivyoivunja kufuli ile. Nilichana kipande cha karatasi katika daftari langu la hesabu, nikakikunja, nikakisokomeza katika kile kitundu. Nikaweka tepurekoda mbele ya redio, iliyokaa chumbani karibu na jikoni, nikabonyeza vibonyezo viwili kwa pamoja, nikapiga ukelele ambao kila mtoto wa rika letu ameupiga: "Nyamazeni nyote! Narekodi!" Na kama kawaida ya dunia, papo hapo jogoo wa jirani akawika.

Mtangazaji akasoma. Baba alisalimu ndugu zake, wauza nazi wenzake, na jamaa mmoja wa Rabai ambaye hatukumjua na hatujamjua hadi leo. Kisha mtangazaji akamalizia: "Na zaidi ya wote anamsalimu mkewe, na anasema hakuna mfano wake kwa upishi wala kwa subira." Mimi nikaruka, nikatoka mbio nje kuwapigia kelele wenzangu kwamba tumetajwa. Tepurekoda nikaiacha inazunguka.

Niliporudi utepe umefika mwisho. Hapo ndipo akili iliponirudia. Nikairudisha kaseti kashani haraka, kwa hofu nikasahau hata kuichomoa ile karatasi. Nilingoja kuchapwa. Nilingoja kesho yake, na wiki iliyofuata, na Idi zote mbili. Mama hakusema neno. Nikadhani hajaisikiliza. Mwaka ule niliosha vyombo bila kuitwa, nikateka maji bila kutumwa, nikasuka ukili mpaka vidole vikawa na sugu. Majirani wakasema mtoto huyu atakuwa walii. Kumbe mwizi.

Basi mwezi uliopita nikaichukua kaseti mpaka kwa Fundi Charo, ambaye anahamisha kanda za watu kuzitia kwenye vidude vya siku hizi. Nilimwambia ukweli wote, nikamwomba aifanye kazi mwenyewe, mimi sitaki kusikia. Nikakaa nje ya duka lake nikila viazi vya karai ambavyo havikuwa na ladha, na mjue hofu yangu ilikuwa kubwa kiasi gani mpaka viazi vya karai vikakosa ladha. Pale ndani nilisikia anacheka peke yake. Akatoka akipangusa macho.

"Dada, karatasi hii ya jedwali la saba, la kuzidisha, ni yako?"

"Yangu. Vugo lipo?"

"Lipo kidogo mwanzo. Halafu kuna mambo." Akanikabidhi kidude kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Nenda ukasikize na wazee wako. Mimi si mtu wa kuingia baina ya mume na mke."

Nilifika Shela. Nikasalimu, shikamoo Mama, shikamoo Baba, marahaba, na kabla sijakaa nikaungama. Nilisema yote bila kuvuta pumzi: kadi, kaseti, karatasi, jogoo. Nikamwambia Mama, "Vugo lako nilifuta mie. Nisamehe, Mama. Nimelibeba tangu darasa la tano."

Mama akawa anachambua mchele kwenye ungo, hata kichwa hakuinua.

"Najua," akasema. "Kwani hesabu zile zilikuwa za nani? Babako hajui jedwali la saba mpaka leo."

"Ulijua! Na hukunichapa?"

"Ulikuwa unaosha vyombo. Nikuchape uache?"

Baba, pale kitini, akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu. "Mie naona nikawahi msikitini."

"Bado saa nzima, Baba Mwanaisha," Mama akasema. "Kaa. Haya mwanangu, fungua."

Nikafungua. Pembe zikaanza, wanawake wa visiwani wakaimba kwa sauti zilizojaa, wakimkejeli bwana harusi kwa masikio yake. Kisha kishindo, kimya, na sauti yangu ya kitoto: nyamazeni nyote. Jogoo. Mtangazaji. Majina. Ukelele wangu ukififia nje. Halafu kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani: nyayo za Baba zikiingia jikoni, kijiko kikiwekwa chini, na sauti yake, changa, ya upole.

"Mama Mwanaisha. Umesikia salamu?"

"Nimesikia. Na mbuzi yangu?"

Mbaazi zikichemka.

"Basi nimekosa. Jino nilivunja mie. Nilikuwa nafungulia soda."

Nilicheka mpaka nikashuka kwenye mkeka. Soda! Mfanyabiashara wa nazi wa jumla! Pumzi niliyoizuia tangu darasa la tano ilitoka yote kwa pamoja, nadhani mapazia yalitikisika mpaka nyumba ya tatu. Nilijiona mwepesi, ningetupiwa shuka ningeruka nayo.

"Unaona," Mama akaniambia, akijifuta machozi kwa ncha ya leso. "Hili ndilo vugo nililokuwa nikikuomba. Lile la harusi nalijua kwa moyo, nitakuimbia hata sasa hivi. Lakini babako kusema 'nimekosa', nitakuimbia vipi na alisema mara moja tu? Kila alipoanza ubishi nilikuwa namwekea, wewe ukiwa shule. Alikuwa akisikia ile kaseti inaingia tu mashineni, keshavaa kofia yuko nje. Halafu tepurekoda ikafa, na yeye akafufuka."

Baba alikuwa anaangalia dari. "Nilitegemea panya," akasema kwa unyonge. "Nikategemea na joto. Sasa humo ndani hakifutiki?"

"Hakifutiki, Baba. Na nafasi ni ya nyimbo elfu kumi na mbili."

"Nilijua tu. Nilijua siku moja watu watatengeneza kikubwa." Akanyoosha mkono. "Lete nisikilize tena. Kumbe nilikuwa na sauti nzuri."

Vijana wa leo mnanichekesha. Mna nyimbo hata kuzihesabu hamuwezi, na hakuna hata mmoja mnaoufikisha mwisho. Kidole kimeshahamia mwengine. Hamjui raha ya kusubiri mtangazaji afunge mdomo wimbo uanze, wala hamjawahi kuinyamazisha nyumba nzima kwa neno moja. Siku hizi mkirekodi mnavaa vizibo masikioni, na hakuna jogoo anayeingia. Mimi sisemi turudi kule. Nani arudi kwenye mawe ya kuanika? Kukaa na nyimbo zangu bila kuuhukumu hata mmoja ni raha ambayo sikuwahi kuiota, na nimeyarudisha humo hata masomo ya baiolojia. Ila kaseti ile moja ilituingiza wote ndani yake, kwa sababu hapakuwa na nyingine ya kurekodia.

Siku ile nilipoaga, Mama aliichukua kaseti yake, akaichomoa ile karatasi kwa ukucha, akaniwekea kiganjani. Imekuwa njano kama manjano ya mchuzi, lakini saba mara nane bado inasomeka. Nimeitia katika kifuko cha kidude changu kipya. Nafasi iliyobaki humo ni kubwa, bado sijajua nitaijaza nini. Baba amenipa shauri moja tu: nirekodi chochote nipendacho, ila kwanza niangalie kama yeye yuko jikoni.