Nilipoiita Choya Dawa

Asubuhi ile nilifunga shuka langu bila kujua ninakokwenda. Nilitoka Kasingirima kwa miguu, nikafika Kibirizi, nikakuta boti ya mbao inajaza watu wa kaskazini, nikapanda. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa kushindwa, ila miguu iliniwasha, na tangu hapo chombo chochote kinachoondoka kilinifaa. Mkobani nilikuwa na ndimu mbili na chupa ya maji ya choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi.

Choya ile ndiyo iliyobaki ya elimu yangu. Mwalimu wetu wa Ujiji alituonyesha kwamba maji yake mekundu ukiyatilia maji ya majivu yanageuka kijani, na ukikamulia ndimu yanarudi mekundu. Shule haikuwa na maabara. Vifaa vilitoka jikoni kwa mama zetu. Na kila kilichotiwa chupani, majivu, ndimu, hata chumvi ya Uvinza, mwalimu alikiita dawa. "Leteni dawa ya kwanza. Ya sukari nani kainywa?" Neno hilo nikalizoea.

Mwamgongo tulifika alasiri. Nikaelekezwa kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye nilimkuta mlangoni kwa mama yake, amekalia kinu kilichopinduliwa, anashona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Barua yako?"

Enzi zile mgeni alitembea na barua ya balozi wa kwao. Mimi sikuwa nayo.

"Mgeni wa nani hapa?"

"Sina mwenyeji, mzee. Natembea tu."

"Anatembea tu! Wenzako wako shamba la kijiji, wewe unatembea. Na hicho chekundu chupani?"

"Dawa yangu."

Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa juani waliacha kugeuza. Balozi akasimama, wavu ukamponyoka.

"Dawa ya nini? Umtilie nani?"

"Simtilii mtu, mzee. Inageuka tu."

Hapo nikawa nimeharibu kabisa.

"Inageuka! Sikiliza, kijana. Leo utalala ofisini na mgambo, na boti ya alfajiri itakurudisha ulikotoka."

Mama yake, bibi mzee, alikuwa ndani akichuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi, ya kulainishia maharage. Akauliza huko huko, "Dawa gani hiyo nyekundu? Si choya hiyo?" Akatoka na bakuli jeupe mkononi.

"Kunywa," akaniambia.

Nikanywa.

"Haya, lete."

Nilimwambia ikitiwa majivu inageuka rangi, nikamwomba afanye yeye mwenyewe, mimi nisiguse kitu. Akamimina choya kidogo bakulini, akaenda kuchukua maji yake ya majivu, akatia. Ikawa kijani kama mchicha.

"Mganga huyo!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

"Mganga gani? Mkono wangu, majivu yangu," bibi akasema. "Basi mganga ni mimi. Nani anaumwa nimtibu?"

Wakacheka, ila balozi hakucheka. Nikampa ndimu. Aliishika kana kwamba itamng'ata, akaikamua kwa mbali, na wekundu ukarudi. Akamwambia mama yake atie majivu tena. Akakamua tena. Ndimu ya kwanza ilipoisha alinyoosha mkono kudai ya pili bila kuniangalia usoni.

"Hii inaitwaje hasa?" akauliza.

"Somo la sayansi, mzee. La darasa la tano."

"Sasa kwa nini hukusema somo?"



"Atalala chumba cha nyavu," bibi akasema. "Barua ataagiza kwao."

"Ije na boti ya kesho kutwa," balozi akasema, akaokota wavu wake.

Chumba kile kilikuwa na dirisha linalotazama ziwa. Nilikuwa natandika shuka, nikijiambia ni siku mbili tu, bibi akaniita uani. Alikuwa amemimina choya yote iliyobaki kwenye bakuli la maji ya ziwani aliyotoka kuyachota. Wekundu ulikuwa umepotea. Yalibaki maji ya rangi ya zambarau iliyofifia.

"Kumbe ziwa nalo lina majivu!" akasema.

Mwalimu hakuwahi kutuambia hilo. Sisi tulitumia maji ya mvua. Nikachuchumaa kando ya bakuli, nikamwuliza bibi kama kijijini hapo kuna mtu aliyepanda choya.