Usingizi wa Laptop ya Mwalimu Odero

Mwalimu Melvin Odero wa Kitengela alikuwa na dini mbili: ya Jumapili na ya Linux. Ya Jumapili aliweza kuikosa kukiwa na mpira. Ya Linux, mfumo wake wa kompyuta, hakuikosa hata siku moja. Akikuona na kompyuta, umekwisha! Atakwambia mfumo unaotumia unakunyonya, kwamba wake ni wa bure, na kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuufungua akaona matumbo yake. Majirani walikuwa wakimwepuka kama mtu wa bima.

Basi Mungu naye ana utani wake. Laptop ya nabii huyu ikashikwa na usingizi. Odero yuko katikati ya kazi, vidole vinakimbia, mara pap! giza. Imelala. Akiigonga inaamka, inamwangalia kidogo, inalala tena.

Na wakati wenyewe haukuwa wa mchezo. Kompyuta kuukuu za shule aliyofundisha zilikuwa zimegoma, na bodi ilitaka kuzitupa, maabara igeuzwe stoo ya mahindi. Odero akaapa kuwa Linux itazifufua zote. Mwenyekiti, mzee Ndung'u, akampa Jumamosi moja ya kuonyesha mfumo wake mbele ya wazazi. Ukienda vizuri, maabara inabaki. Ukigoma, mahindi yanaingia, na Odero anarudi kufundisha kilimo. Odero na kilimo, jamani! Mtu aliyeua sukuma wiki ndani ya mkebe!

Akahangaika. Alibadilisha kiini cha mfumo, akarudisha cha zamani, akaweka kipya zaidi. Alijaribu usingizi mwepesi, akajaribu usingizi mzito. Aliuliza kwenye mabaraza ya mtandaoni, akatukanwa na watu wa mabara matatu. Kitu kimoja tu hakufanya: kusoma logi, pale mashine yenyewe huandika kila inachofanya. Na ndilo somo alilowapigia wanafunzi kelele kila wiki, "Soma logi kwanza!" Mganga hajigangi.

"Lakini ikiwa na mimi hailali," alisema mkewe, Nashipae.

"Wewe unaangalia tu mapishi. Mimi naipatia kazi ngumu."

"Haya, mtu wa kazi ngumu."

Nashipae akaenda zake. Angekuwa mkali zaidi, pengine tungeokoa wiki mbili.

Jumamosi ikafika. Odero akavaa shati la harusi na bangili yake ya shanga, ambayo kusema kweli hakuwahi kuivua. Hiyo bangili ina kisa. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Odero alipoteza pete akiosha gari. Mama mkwe wake, mfanyabiashara wa shanga pale Kisaju, hakumgombeza. Alimtengenezea bangili, akaifunga kwa sumaku kali isifunguke ovyo, akamwambia, "Hii nayo ikitoka mkononi, nitajua msichana wangu si kitu kwako." Odero akaapa hataivua. Na sasa mama mkwe mwenyewe, mjumbe wa bodi, alikuwa ameketi mstari wa mbele.

"Takwenya, Yeyo," Odero akamsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama kama kawaida.

"Iko," akajibu, macho kwenye bangili.

Odero akaanza mahubiri, projekta ikimulika skrini yake ukutani. Akaegemeza mkono wa kushoto kwenye laptop ili aandike, na pap! Ukuta ukawa mweusi. Wazazi wakacheka. Akainua mikono kuomba radhi, ikaamka. Akaandika, ikalala. Jasho likamtoka hadi kwenye soksi. Kwa kukata tamaa akafungua logi, ikatandaa ukutani mbele ya kila mtu: kifuniko kimefungwa, kifuniko kimefunguliwa, kimefungwa, kimefunguliwa.

"Mwalimu," akauliza mzee Ndung'u, "mbona inasema umeifunga, na sisi tunaiona iko wazi?"

Odero akatazama mkono wake. Laptop hujua kifuniko kimefungwa kwa kuhisi sumaku iliyo ndani ya kifuniko hicho. Na yeye alikuwa amefungia sumaku kwenye mkono, akiipitisha juu ya laptop mchana kutwa. Woi! Alitamani ardhi ya Kajiado ipasuke immeze na shati lake la harusi.

Kuivua ilikuwa kazi ya sekunde. Lakini Yeyo alikuwa pale pale, anamwangalia. Odero akainua mkono wa kushoto juu kabisa, kama mtu anayeapishwa kortini, akaendelea kuandika kwa kidole kimoja cha kulia. Alikuwa mwepesi kama kobe. Mzee Ndung'u akaanza kuangalia saa.

"Mwalimu, wazazi wako na njaa. Nafikiri tumeona vya kutosha."

"Ngoja," akasema Yeyo. "Mkono juu ni wa nini?"

Odero akaonyesha kifundo cha mkono.

"Ni bangili, Yeyo. Sumaku yake ndiyo inalaza mashine."

Yeyo akainuka, akaja kujionea, mikono yake miwili imejaa bangili za biashara, za sumaku kama ile, hadi karibu na kiwiko. Akainama juu ya laptop. Pap! Giza.

"Ona!" akapaza sauti mzee Ndung'u. "Hata mashine inaheshimu mama mkwe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeyo hakucheka. Alirudi nyuma hatua, akamkazia Odero macho.

"Kwa nini hukuivua tu?"

"Niliapa."

"Ungerudi kilimo?"

"Ningerudi," akasema Odero. "Ile pete niliipoteza, Yeyo. Hii siwezi."

Yeyo akaushika ule mkono, akakinyofoa kile kifungo cha sumaku kwa meno, akakitema kiganjani mwake. Kisha akazifunga nyuzi fundo, na juu ya fundo fundo jingine, akavuta mpaka Odero akauma mdomo.

"Andika."

Odero akaweka mkono juu ya laptop. Ukuta ukabaki na mwanga. Akaandika, akafungua kurasa, akahubiri hadi wazazi wakasahau chakula, na mzee Ndung'u akasema mahindi yatatafutiwa mahali pengine.

Yeyo alikuwa amesharudi kitini. "Ikilala tena," akawaambia wajumbe wenzake, "mwacheni huyu. Niiteni mimi."