Ukurasa wa Mke

Habari ya kifo cha mume wangu ilinikuta Riyadh, nikipiga pasi sare za shule za watoto wa watu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alizunguka sana kwenye simu: akaniuliza hali ya hewa, akaniuliza kama nimekula. Alipofika kwenye neno lenyewe nilikuwa nimeshalijua. Kifua, alisema. Kilianza kama mafua, na mume wangu akanunua dawa ya kikohozi, akarudi kwenye kibanda chake cha kinyozi pale Nakuru kunyoa watu.

Bosi wangu alikuwa muungwana. Alinieleza kwa upole kwamba karatasi zangu za kutoka na kurudi zingekuwa tayari, inshallah, lakini baada ya mazishi. Madam, mkewe, alinipa siku nzima ya kupumzika. Bahati mbaya, siku hiyo dada zake walikuja kunipa pole, wakawa wengi, na wageni hawaachwi bila kahawa, kwa hiyo niliamka nikawapikia. Walisema ilikuwa nzuri.

Kamati ya mazishi nayo ilinikumbuka. Katika kijitabu cha ibada kulikuwa na ukurasa wa mke, na shemeji, aliyekuwa katibu, aliniagiza niuandike. Masharti hayakuwa magumu: Kiswahili safi, kanisa litajwe, mambo ya nyumbani yasiingie. Nikaandika. Nilimwita marehemu nguzo ya familia, rafiki wa wote, mcha Mungu aliyeamka alfajiri kusali. Mume wangu hakuwahi kuamka alfajiri kwa jambo lolote, na kanisani alikuwa akiingia sadaka ikiwa inakusanywa. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimeegemea mashine ya kufulia. Mke wa shemeji alisoma ukurasa wangu kwa sauti ya kutetemeka, watu wakalia. Mimi sikulia. Nilikuwa najaribu kukumbuka huyo mtu anayesifiwa nilikutana naye wapi.

Miezi michache baadaye bosi alihamishiwa Jeddah, familia ikahama, nami nikiwa miongoni mwa vitu vilivyohamishwa. Huko nikapewa Ijumaa ya mapumziko. Nilikuwa naenda mtaa wa Bani Malik, kwenye chumba cha mama mmoja wa Mombasa, msusi, ambako wanawake wa kwetu walikuja kusukwa, kula chapati na kuongea Kiswahili kilichowakwama kooni wiki nzima. Ijumaa moja alikuja mwanamke wa Kitale aliyefiwa na mume, naye pia karatasi zimemchelewesha, naye pia anadaiwa ukurasa. Msusi alininyooshea chanuo. Mpe huyu, alisema, ameshafanya.

Ndivyo nilivyopata kazi ya pili, ambayo haimo kwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi. Sifa zilienea, na kila Ijumaa nikawa na mtu: huyu kafiwa na mume, yule na kaka, mwingine na baba mkwe ambaye hakumpenda hata kidogo. Wote waliniambia marehemu alikuwa mwenye upendo. Nami, kwa ukali ambao sijui niliutoa wapi, niliwakatalia. Niambie alikuwa akikasirika anafanya nini. Alikuwa akibisha hodi au anaingia tu? Hapo walianza kucheka, kisha wakalia, na mimi naandika. Yule wa Kitale alikumbuka kwamba mumewe alikuwa akipuliza chai hata iliyopoa. Tukaiweka. Baadaye aliniambia kuwa iliposomwa, mama mkwe wake alimwita mwanawe kwa jina la utotoni.

Nikajiona daktari wa wajane. Nilitoa dawa kwa wote, na mwenyewe nikajihesabu mzima.

Msusi ndiye aliyeniharibia. Siku moja chumba kimetulia, ananisuka mimi, akaniuliza wangu alikuwaje. Nilijibu bila kufikiri: nguzo ya familia, rafiki wa wote. Mikono yake ilisimama kichwani mwangu.

"Hiyo umeisoma, mwanangu," alisema. "Mimi nimekuuliza."

Nusu ya kichwa ilikuwa bado haijasukwa, kwa hiyo hata kuondoka sikuweza.

Wiki hiyo nilianza kuandika, kwenye simu, jikoni, wali ukiwa motoni. Sikumsifu. Niliandika kwamba alikuwa kinyozi mwenye kipara, na wateja wakimtania alisema nywele zake amewagawia. Niliandika alivyoninunia nilipopata viza, kisha akaninunulia sanduku zuri kuliko nguo zote nilizokuwa nazo. Niliandika mazungumzo yetu ya mwisho, yaliyohusu jogoo. Alikuwa amenunua jogoo anayewika saa nane mchana, nikamwambia amepunjwa, tukabishana mpaka simu ikakatika. Kisha nikafika kwenye dawa ya kikohozi. Hapo nilimwandikia yeye mwenyewe, kwa hasira, nikimuuliza hospitali ilikuwa mbali kiasi gani na mtu aliyepita mbele ya lango lake kila asubuhi.

Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, wali ukaungua. Madam alikuja mbio akidhani nimejichoma. Nikamwambia mume wangu amefariki.

Alinitazama kwa mashaka. "Lakini si alifariki mwaka jana, tulipokuwa Riyadh?"

"Ndiyo, madam," nikasema. "Ila habari zimenifikia leo."

Kiarabu changu si kizuri, nikadhani hakuelewa. Alizima jiko, akavuta kiti, akaniambia nikae. Kisha akanitengenezea chai kwa mikono yake, akiniuliza sukari inakaa wapi katika jiko lake.

Ilipofika kumbukumbu ya marehemu, shemeji aliomba ukurasa mwingine wa ibada. Nikamtumia huu wa jikoni, pamoja na jogoo. Alijibu kwamba umeandikwa vizuri sana, ila kanisani pana watoto, na kamati imeamua kurudia ule wa kwanza. Sikubishana. Yule mtu wa kwanza naye anahitaji kukumbukwa.

Nikautuma kwa binti yangu, anayesoma shule ya upili na kukaa na nyanya yake. Baada ya siku kadhaa akaniambia nimesahau alivyokuwa akiimba akifagia nywele za wateja. Sikusahau, sikuwahi kumsikia. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda naye kibandani baada ya masomo. Nikamwambia aandike.

Anaandika. Juzi ameniletea habari za mteja aliyeachwa amenyolewa upande mmoja, kwa sababu mume wangu alitoka kwenda kuamua ugomvi wa majirani na ugomvi ukawa mtamu. Niliisoma juu ya paa nikianika mashuka, nikacheka peke yangu, mpaka mfanyakazi wa nyumba ya pili, Mfilipino, akaacha kuanika zake akanipungia mkono.