Binti yangu alisoma chuo kikuu akiwa bado sekondari, Year 10, mimi nikapewa cheo cha Baba Profesa

Wakuu, heshima kwenu, mlio Bongo na mliotawanyika duniani.

Hii sijasimuliwa, imenikuta mwenyewe hapa Blacktown, Sydney. Chumvi sitaongeza, ingawa mke wangu akisoma atasema nimepunguza.

Mimi ni mtu wa Kilosa, naendesha forklift kwenye ghala moja huku Seven Hills. Nina binti mmoja, Neema, miaka kumi na mitano. Hesabu kwake ni karanga, anatafuna tu.

Mwanzoni mwa mwaka shule wakatuita. Wakasema kuna mpango, mwanafunzi mkali anasoma somo moja la chuo kikuu huku akiendelea na sekondari. Neema atakuwa anasoma hesabu kampasi kila Jumatano mchana.

Mwalimu akamgeukia Neema. "What do you think?"

Nikajibu mimi. "She is very happy!"

Mama Neema akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ni bahati mbaya.

Jumapili nikasimama kanisani kutoa shukrani. Mnajua shukrani zetu zilivyo, huwezi kusimama mbele za watu ukasema "somo moja". Nikasema mwanangu ameitwa chuo kikuu!

Kanisa letu lina Wakongo wengi, na wale vigelegele hawabanii. Tangu siku hiyo nikawa Baba Profesa.

Aisee, jina tamu lile. Nikaanza hata kutembea polepole.

Habari ikaingia group la ukoo. Ilitoka Dar ikiwa "chuo kikuu", ikafika Kilosa ikiwa "daktari". Mjomba wangu akatuma picha ya goti lake, anaomba mjukuu amwangalizie.

Sasa ngoja niwaambie Neema ni mtu wa namna gani. Ana rafiki yake wa kwaya, Grace, Mkongo. Wakikutana jikoni kwangu ni vicheko mpaka niwafokee waoshe vyombo.

Chuo kilipoanza, netball ikakatika. Kwaya ikafuata. Grace akija namrudisha mlangoni: "Nyamaza mama, profesa anasoma."

Nyumba ikawa kimya. Nikimuuliza, "Mwanangu, vipi?" ananijibu, "I'm fine, Dad." Watoto wa huku ndivyo walivyo, Kiswahili wanakisikia vizuri tu, majibu ni ya Kizungu.

Wiki ya nne nikatoka kazini mapema nikamfuate kampasi. Nimevaa buti na reflekta ya kazini. Nikachungulia ukumbi, nikajipenyeza kiti cha nyuma.

Mwalimu akakatisha somo. "Oh good, you're here for the projector?"

Wakuu, nikasimama wima. "No. I am the father."

Ukumbi mzima ukageuka. Neema akazama chini ya meza, zikabaki nywele tu.

Ikafika mapumziko. Wanafunzi wakatoka kwa makundi, watu wazima wale, wanaongelea leseni za gari na kazi zao. Hakuna aliyemfanyia ubaya mwanangu. Ila alibaki peke yake na kikontena chake cha chapati, anakula huku anasoma. Iliniuma sana.

Kwenye treni ya kurudi nikamuuliza tena. Akatazama dirishani.

"Baba, nimechoka."

Kwa Kiswahili, jamani! Tangu yuko primary sikuwahi kumsikia akinijibu Kiswahili.

Akasema hesabu bado anazipenda, ila hana wa kucheka naye. Na mwisho wa kujitoa kwenye somo bila kuandikiwa kitu kwenye rekodi ni Ijumaa hii.

"Sasa kwa nini hukutuambia?"

"Ulishawaambia kanisani. Nikiacha, wewe utawaambia nini?"

 Kumbe mtoto alikuwa anabeba somo la chuo, na mimi kanibeba juu yake. Niliona aibu, sifichi.

Kesho yake tukasaini ajitoe. Mama Neema hakusema "nilikwambia". Aliniuliza tu kama mguu umepona.

Jumapili nikapanga foleni ya shukrani. Mchungaji wetu, mtu wa Bukavu, akacheka. "Papa Profesa, leo tena? Mutoto amepata nini ingine?"

Nikashika mic. "Mwanangu ameacha chuo. Namshukuru Mungu kwa sababu jana nimemsikia anacheka jikoni."

 

Halafu mama yake Grace akaachia kigelegele, kirefu kuliko kile cha kwanza. Neema alikuwa amerudi kwenye kwaya, anafuta machozi huku anacheka.

Sisemi masomo ya chuo kwa watoto wa sekondari ni mabaya. Kuna binti wa Mkenya mmoja hapa anasoma somo lile lile na anang'ara. Lakini yule aliomba mwenyewe. Wangu aliulizwa, nikajibu mimi.

Ubaba Profesa nimeurudisha. Ule niliutafuta mwenyewe. Baba Neema ndilo jina alilonipa yeye, siku aliyozaliwa.

Haya, wazazi na mliowahi kusukumwa na wazazi, leteni yenu, hata matusi napokea kiroho safi.

Na mjomba, kama uko humu: nenda hospitali na hilo goti.