Nilivyofundisha Upasuaji kwa Papai Mbele ya Mama Mkwe

Kuna nyumba moja Mtoni, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa, ambayo watu wake wakiniandalia matunda mie huinamisha uso, na wao wanajua kwa nini, na watoto wao ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa nao wanajua kwa nini. Ni kwa wakwe zangu. Nimekaa na aibu hii miaka kumi na mitano, na kwa kuwa aliyekuwa akinitania kuliko wote ametangulia mbele ya haki, naona afadhali niisimulie mwenyewe kabla wengine hawajaiongezea chumvi.

Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa na mimba ya kwanza, mtoto ametanguliza matako, na daktari akatupangia upasuaji Jumatatu asubuhi. Sasa mie ni mtu wa kusoma (chuo kikuu nilikaa miaka minne nikijifunza kuyaongelea mambo yasiyonihusu kana kwamba yananihusu), kwa hiyo wiki nzima nikajifungia na makala za mtandaoni kuhusu namna za kupasua wajawazito. Nikajua kuna mkato wa wima, unaoshuka kutoka chini ya kitovu, na kuna wa mlalo, unaopita chini kabisa ya tumbo. Nikajua ule wa wima humfikisha daktari ndani upesi, na huu wa mlalo hauumi sana baadaye na kovu lake hujificha. Nikavijua vyote isipokuwa kimoja, nitakifikia.

Jumamosi mama mkwe akaita wanawake wa mtaani wamsomee mwanawe dua. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mpole, muuza vitenge, na kati yangu na yeye kulikuwa na heshima ile ya kusalimiana ukiangalia ukuta: shikamoo mama, marahaba baba, basi. Wanaume tulikuwa barazani, wanawake sebuleni. Dua ikaisha, pilau likaliwa, ndipo sauti ikatoka ndani: "Jamani, kuna mapapai jikoni, nani atuletee?" Wenzangu wote walikuwa wameshiba na wamejiegemeza ukutani. Nikanyanyuka mie, mkwe mwema.

Nikaingia na sinia, mapapai mawili na kisu. Shangazi yake Mwanaidi, Bi Tatu, akaniuliza bila ubaya wowote, "Eti baba, huyu watampasua wapi hasa?"

Jibu sahihi lilikuwa "daktari ndiye ajuaye, shangazi", kisha natua sinia natoka. Lakini nyuso kama kumi na tano zilikuwa zimenigeukia, na mtu aliyezoea kuandika makala zinazosomwa na watu wanne hawezi kuiachia hadhira ya namna hiyo. Nikapiga goti mkekani, nikashika papai la kwanza.

"Chukulieni hili ndilo tumbo."

"La nani?" akauliza Bi Tatu.

"La Mwanaidi."

Mtu akaguna. Mwanaidi, aliyekuwa ameegemea mto, akanikazia jicho ambalo mume yeyote mwenye akili angelisoma mara moja. Mie niliyesoma kila kitu sikulisoma. Nikapitisha kisu kwa mlalo, taratibu, nikieleza, nikachukua na la pili. "Huu wa wima ni wa kizamani," nikasema. "Siku hizi daktari akikupasua hivi ujue hakukujali, na mwanamke unabaki na ufa tumboni maisha yako yote." Nikashusha kisu. Papai lile lilikuwa limeiva kupita kiasi, likafunguka lote, mbegu zikamwagika na maji yake mekundu yakatiririka mkekani hadi kwenye pindo la kanga ya mke wangu.

Nesi Blandina, jirani yao, mkunga mstaafu, akaweka kikombe chake chini.

"Na mfuko wa uzazi uko wapi kwenye papai lako?"

"Si ni huko ndani?"

"Nao unakatwaje?"

"Si ni hivyo hivyo kama nje?"

"Si lazima. Ngozi inaweza kukatwa wima, mfuko ukakatwa mlalo. Mstari wa nje haukuambii wa ndani. Ukurasa huo hukuufikia, mwanangu?"

(Hicho ndicho kile kimoja.) Wanawake wakacheka, na laiti yangeishia hapo, maana kuchekwa hakujaua mtu. Lakini Mwanaidi alikuwa analia.

"Siendi," akasema. "Jumatatu siendi. Wakinichana vile je? Siendi mpaka daktari aniandikie kwamba ni mlalo."

Na daktari alishatuambia hawezi kuahidi, mambo yakiharibika atapita njia ya haraka. Uchungu ungeweza kuanza saa yoyote, mtoto kageuka vile, na mke wangu, kwa elimu yangu mie, hataki hospitali. Bi Tatu akambembeleza, Nesi Blandina akamweleza, yeye anatikisa kichwa tu huku anaangalia lile papai.

Mama mkwe akasimama. Hakuniangalia. "Baba, toka," akasema.

Nikatoka, nikaishia koridoni nyuma ya pazia, mikono inanata. Nikasikia kanga ikifunguliwa, kisha Bi Tatu akasema kwa sauti ya chini, "Ee, wifi." Kisha mama mkwe: "Njoo, mwanangu. Shika hapa. Usiogope, kovu haliumi. Kutoka hapa mpaka hapa. La kizamani, kama alivyosema msomi wetu. Ulikuwa umekwama, umeshaanza kuchoka, daktari hakuwa na muda wa kunichagulia urembo. Huu ufa ndio mlango wako wewe." Akaongeza: "Na baba yako kaishi nao miaka thelathini, hakuwahi kuniletea malalamiko."

Wakaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho nikaitambua sauti ya mke wangu, imeziba pua kwa machozi. Mie pale koridoni nilitamani ardhi ipasuke inimeze, wima au mlalo, nisingechagua.

Jumatatu alikwenda. Daktari alipomuuliza kama ana swali, akamjibu, "Kata unavyoona wewe, mradi atoke mzima." Akatoka mzima, binti, mwenye kelele. Mkato ulikuwa upi sitawaambia. Angalau hilo nimejifunza.

Mama mkwe hakunikaripia hata siku moja. Ila salamu zetu zilibadilika: shikamoo mama, marahaba daktari, na safari hii ananiangalia usoni, anacheka. Na kila Ramadhani, hata baada ya sie kuhamia Boko, aliniletea papai moja, zima, na maagizo kwamba daktari alikate mwenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa nalikabidhi jikoni na kukaa mbali na visu, maana niliapa papai sikati tena mbele ya mtu.

Mwaka huu Ramadhani imefika na papai halikuja. Siku ya tatu nikanunua mwenyewe sokoni, nikaliweka mezani kabla ya futari. Binti yetu akashika kisu, akaniangalia kwa jicho lile lile la bibi yake.

"Baba, wima au mlalo?"

Mwanaidi akageukia dirishani. Nami nikatoa lile jibu ambalo Bi Tatu bado ananidai.

"Unavyoona wewe, mama. Mwenye kisu ni wewe."

Kisha nikaweka mikono mapajani, nikasubiri nipewe.