Koti la Avis Holroyd

Avis Holroyd wa Halifax hakuwahi kumtembelea mtu maishani mwake. Alipita tu.

Watu wa kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wana kitenzi chao kifupi chenye mkia, "pop in", yaani kupita mara moja, na Avis alikitia kama chumvi kwenye kila chungu. Akienda dukani kununua maziwa: napita mara moja. Akienda kanisani kumzika binamu yake: napita mara moja. Alipovunjika nyonga aliwaaga majirani, "Napita hospitali mara moja," akarudi baada ya majuma kadhaa na nyonga ya chuma, akaudhika kukuta wamemletea maua. Maua ya nini, na mtu alipita tu?

Kupita nako kuna sheria zake, na Avis alizinyonya kwa mama yake. Anayepita huingia kwa mlango wa jikoni. Wa mbele ni wa polisi na majeneza. Chai huikataa mara ya kwanza, akaikubali ya pili. Hukaa ukingoni mwa kiti. Na juu ya yote, havui koti. Ukivua koti umeshakuwa mgeni, na mgeni ni mzigo. Mama yake hakuwahi kuwa mzigo kwa mtu; hata daktari, wanasema, alimpima akiwa na koti lake.

Kila alasiri Avis alipita kwa Selwyn Pickles, mgane wa nyumba ya pili. "Ni mimi tu, napita!" Koti la sufu, vifungo hadi kidevuni. Asilolijua Selwyn ni kwamba chini ya koti lile kulikuwa na gauni la buluu, lile zuri kuliko yote, limepigwa pasi asubuhi ileile, na pini ya fedha kifuani. Nani angeliona? Hakuna. Lakini kesho yake Avis alilipiga pasi tena.

Selwyn hakuwa msemaji, ila alijaribu. Alipigilia msumari wa makoti karibu na mlango wa jikoni, chini kidogo, maana Avis ni mfupi.

"Nimeweka msumari pale," alisema.

"Umefanya la maana. Koti lako limepata pa kukaa."

Basi Selwyn akageukia moto wa gesi wa kupashia chumba joto. Ilikuwa Julai, kiangazi cha kule, naye akauwasha hadi mwisho.

"Huoni joto, bibie?"

"Hata kidogo," alijibu Avis, jasho likimdondokea kwenye kisahani.

Siku hiyo Selwyn alisukuma kikombe chake kando. "Beryl anataka nihamie kwake," alisema. Beryl ni bintiye, anaishi Bournemouth, mwisho kabisa wa nchi. "Atapiga simu jioni hii nimpe jibu. Nadhani nitakubali. Nyumba hii haina mtu."

"Haina mtu? Na mimi je? Si naja kila siku?"

"Huji, Avis. Unapita."

Avis alisimama, akashukuru kwa chai, akatoka. Uani, kando ya mapipa ya taka, akasita. Moyo ulimuuma, akajua unauma kwa sababu gani, na kwa mara ya kwanza maishani alimkasirikia marehemu mama yake, hasira ya kweli. Kisha akazunguka nyumba hadi mlango wa mbele, akabonyeza kengele.

Ndani kulisikika kiti kikianguka.

"Nani amekufa?" Selwyn aliuliza nyuma ya mlango.

"Hajafa mtu. Ni Avis."

"Umechanganyikiwa? Pitia jikoni!"

"Sipiti! Leo nimekuja. Fungua."

Mlango ulikuwa umegandana na rangi tangu jeneza la mkewe lilipotolewa. Selwyn alivuta, Avis akasukuma kwa bega, huku mama wa ng'ambo ya barabara akiwa ameshafungua dirisha ili asikose kitu. Ulipofunguka, Avis nusura amwangukie mwenyeji kifuani. Akasimama kwenye zulia, akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Akavua koti, akampa.

Selwyn alilitazama gauni la buluu, akaitazama pini.

"Gauni jipya hilo?"

"Jipya nini! Linakuja hapa kila siku."

Selwyn alilipeleka koti jikoni, akalitundika kwenye msumari wake, akauzima moto, kisha akaanza kupekua kabati akitafuta vikombe vya maua, vile vya wageni.

"Utakula?" aliuliza, kichwa kikiwa ndani ya kabati.

"Nitakula," alisema Avis, akakaa, mgongo wote kwenye kiti.

Walikuwa wameanza pai ya nyama simu ilipolia. Selwyn aliinyanyua.

"Beryl, tutaongea kesho, mwanangu," alisema. "Sasa hivi nina mgeni."